Asilimia 25: kompyuta haikufichii nguvu, wastani ndo unakuchanganya

Kuna namba inaleta watu hapa dukani kwangu Mwanga, Kigoma, kuliko hata virusi, na hiyo namba ni 25. Mtu anakuja na leptopu kwapani, mara nyingi ni madogo wa kushuti harusi kutoka Ujiji, anafungua Task Manager, kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha mashine inatumika kiasi gani, ananigeuzia kioo: "Kaka cheki mwenyewe, prosesa iko asilimia 25 tu, ramu imebaki kibao, diski imetulia, sa mbona video ya sendoff inarenda toka asubuhi na haijafika nusu? Hii mashine ina nguvu inazificha." (Kurenda ni kompyuta kuunganisha picha, sauti na efekti zote itoe video moja iliyokamilika.) Wengine wameshaambiwa huko walikotoka kwamba ni Windows feki, wengine wameambiwa waongeze ramu na wameongeza kweli, hela imeenda na namba bado ni ile ile 25, haipandi wala haishuki.

Mi namuuliza kitu kimoja tu, ina kori ngapi, yaani vichwa vya kupiga kazi ndani ya prosesa? Nne. Basi imeisha hiyo. Mia gawanya kwa nne ni 25. Kori moja inapiga kazi mpaka mwisho wa uwezo wake, zile tatu hazina la kufanya, halafu Windows inajumlisha zote nne inagawanya inakupa wastani. Ingekuwa mashine ya kori nane za aina ile ile angeona 12 na nusu na video ingetoka muda ule ule, labda angelalamika zaidi.

Sasa dogo mmoja akanibishia, na alibisha kwa hoja. Akabonyeza pale kwenye grafu akachagua ione kila kori peke yake, na kweli, vigrafu vinne vyote viko robo robo, hakuna hata kimoja kilichogusa juu. "Sa hiyo kori moja iliyojaa iko wapi kaka?"

Swali zuri sana hilo na ndo limenifanya niandike hii makala, maana jibu lake ndo kazi yenyewe ya mfumo endeshi (Windows, Linux na wenzake) kwenye mashine yenye kori nyingi, kitu ambacho hatukioni ila tunakilipia kila siku.

Iko hivi. Ukifungua programu inakuwa prosesi, yaani programu iliyo kazini, na ndani ya prosesi kuna thredi, mfuatano wa maagizo ya kutekelezwa, moja au nyingi. Thredi ndo inayopandishwa kwenye kori ikafanya kazi. Na thredi moja kwa wakati mmoja inakaa kori moja tu, huwezi kuikata vipande vinne ukagawa kila kori na chake, hiyo haipo hata ungenunua mashine ya milioni kumi. Programu aliyokuwa anatumia yule dogo, ile efekti ya kusafisha sauti ya matarumbeta, imeandikwa kwa thredi moja. Lakini hiyo thredi haijafungwa kwenye kori moja, mfumo endeshi unaweza kuihamisha, inakaa kidogo kori ya kwanza, inasimamishwa kupisha kitu kingine cha milisekunde moja mbili, ikirudi inakuta kori ya tatu iko wazi inapanda hapo, baadae ya pili, baadae inarudi ya kwanza. Grafu ya Task Manager inajichora upya kama kila sekunde moja hivi, na sekunde moja kwa prosesa ni muda mrefu mno, thredi imeshazunguka kori zote. Kwa hiyo kila grafu inakwambia "katika sekunde hii nimetumika robo," na ni kweli kabisa, ila kwa kila punje ya muda kulikuwa na kori moja imejaa na tatu zimelala. Yaani wastani umepigwa mara mbili, kwanza kati ya kori na kori, halafu kati ya muda na muda, na ukweli ukapotelea katikati.

Anayehamisha ndo huyo nitamwita mratibu, ni sehemu ya kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi. Mi natumia zaidi Linux kwenye mashine ya studio kwa hiyo nitaongelea hiyo, na kingine ni kwamba kodi yake iko wazi kila mtu anaona na ugomvi wake pia uko wazi, na ugomvi ndo unafundisha.

Zamani, Linux za toleo la 2.4, mashine nzima ilikuwa na foleni moja ya thredi zinazosubiri na kufuli moja juu yake. Kori ikimaliza kazi inashika kufuli, inachagua wa kufuata, inaachia. Kwenye mashine ya prosesa moja au mbili mambo safi. Ukipeleka kwenye mashine ya prosesa nyingi unakuta zinagombea kufuli, muda wa kufanya kazi unaishia kwenye kusubiri zamu ya kuuliza "nifanye kazi gani." Desemba 2003 ikatoka 2.6 na mratibu mpya wa Ingo Molnár, mmoja wa waandishi wa kerneli, kila kori ikapewa foleni yake. Kori inaangalia foleni yake tu, haimsumbui mtu, fasta.

Halafu ikabaki nani kwenye foleni apande kwanza, na hapa kuna stori naipenda. Kulikuwa na jamaa anaitwa Con Kolivas, Mwaustralia, kazi yake ya mchana ni daktari wa usingizi hospitalini, sio mtu wa kompyuta kwa ajira, lakini alikuwa anakerwa desktopu yake ikigandaganda wakati kuna kazi nzito nyuma. Akawa anaandika waratibu wake wa haki, kila thredi ipate fungu lake bila kubahatisha. Mwaka 2007 Molnár huyo huyo akaandika mratibu mwingine kwa wazo la haki na kumtaja Kolivas kwamba ndo aliyeonyesha inawezekana, mratibu huyo akaingia Linux 2.6.23, anaitwa CFS (Completely Fair Scheduler, yaani mratibu wa haki kamili). Kolivas akachukia akaacha, baadae 2009 akarudi na mratibu wake wa pembeni ambaye, utashangaa, alirudisha foleni moja kwa kori zote, kwa maelezo kwamba watu wengi nyumbani hawana mashine ya kori mia kwa hiyo kwa nini waumie kwa ajili ya mashine za wakubwa. Mi nipo upande wake kidogo, kwa moyo tu.

CFS yenyewe ni rahisi kuelewa kuliko jina lake. Kila thredi ina saa yake inayohesabu muda wa prosesa iliokula. Mwenye saa iliyo nyuma kuliko wote ndo anapanda. Mwenye kipaumbele kikubwa saa yake inatembea taratibu, kwa hiyo anapanda zaidi. Basi. Imekaa hivyo mpaka 2023, Linux 6.6, mwandishi mwingine wa kerneli, Peter Zijlstra, alipoingiza mratibu mpya anayeitwa EEVDF, ambayo bado inahesabu haki ila imeongeza kitu kama tarehe ya mwisho, thredi yenye kazi fupi fupi inahudumiwa mapema badala ya kukaa nyuma ya mnene. Wazo lenyewe ni la miaka ya tisini.

Lakini hayo yote ni ndani ya foleni moja. Utamu, na maumivu, yako kati ya foleni na foleni.

Ukishuka Kibirizi siku maboti mengi yameingia kwa pamoja utaona makuli kila kundi limesimama kwenye boti lake. Kundi likimaliza linatupa jicho kwa jirani, likikuta jirani amebakiza magunia mawili ya dagaa hawaendi, maana mpaka wafike, waulize gunia la nani linaenda gari gani, wenyewe wameshamaliza. Wakikuta yamebaki arobaini wanaenda. Mratibu anafanya hesabu hiyo hiyo. Kori ikikosa kazi kwenye foleni yake inaangalia foleni zilizojaa ivute thredi, ila kuvuta kuna gharama, kwa sababu thredi ikifanya kazi kwenye kori fulani data zake zinakuwa zimeshasogezwa kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya kasi, ya kori ile. Kache ya karibu kabisa ni kama kilobaiti 32 za data kwenye prosesa nyingi tulizonazo, ndogo kweli, lakini kusoma humo ni kama nanosekunde moja, wakati kwenda mpaka kwenye ramu ni makumi ya nanosekunde mpaka karibu mia. Ukiihamisha thredi umeiacha kache yake nyuma, inaanza kuchota ramu upya. Ndo maana CFS ilikuja na kiwango cha nusu milisekunde, thredi iliyotoka kufanya kazi ndani ya nusu milisekunde iliyopita inahesabiwa bado ya moto, mwache hapo hapo kama huna sababu ya maana.

Kwa hiyo mratibu anavutwa huku na huku muda wote. Akihamisha sana, kache zinapotea. Akihamisha kidogo, kori zinalala huku wengine wanapanga foleni. Hakuna jibu moja sahihi, kuna makisio, na makisio yanakosea.

Yanakosea kiasi gani? Mwaka 2016 watafiti akiwemo Jean-Pierre Lozi na Alexandra Fedorova walichukua mashine kubwa ya kori 64 wakachora kila kori inafanya nini kila wakati, wakakuta kori zimelala wakati thredi zinasubiri kwenye foleni za kori nyingine, na sio kwa milisekunde mbili tatu, muda mrefu, na hitilafu zenyewe zilikuwa zimekaa humo miaka. Hifadhidata moja ya kibiashara ilikuwa inapoteza asilimia 14 mpaka 23 ya kazi yake na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna kilichoharibika, hakuna kosa lililoandikwa kwenye skrini, mambo yanaenda tu ila taratibu kuliko ilivyopaswa.

Na moja ya hitilafu zile mi nikisoma nacheka, maana ni ile ile ya yule dogo wa Ujiji. Mratibu alipokuwa analinganisha makundi ya kori ajue lipi lina mzigo mkubwa, alikuwa anapiga wastani wa mzigo wa kundi. Sasa kulikuwa na kundi lina thredi moja nzito sana kwenye kori moja, nzito kwa hesabu ya mratibu yaani, na kori nyingine za kundi hilo hazina kitu. Wastani unasema kundi limejaa. Kundi la jirani lina thredi nyepesi nyingi zinabanana, wastani unasema limejaa vile vile. Ngoma droo, hakuna wa kumvutia mwenzake. Dawa waliyopendekeza ilikuwa kuacha wastani waangalie kori yenye mzigo mdogo kuliko zote kwenye kundi, hapo kori iliyolala haiwezi kujificha tena nyuma ya mwenzake. Kama wastani umeweza kumdanganya mratibu wa Linux, anayefanya kazi hii peke yake usiku na mchana, usimcheke mtu na Task Manager yake.

Kuna namba nyingine ya hivi hivi, watu wa Linux wanaijua, zile namba tatu zinazotokea ukiandika amri ya uptime. Ni mzigo kwa dakika moja, tano na kumi na tano. Watu wanasema ikizidi idadi ya kori basi prosesa imezidiwa. Sio lazima. Kuna siku mashine yangu ilipanda mpaka tisa na ina kori nne, naangalia prosesa yenyewe karibu yote imelala. Kilichokuwepo ni hard disk ya nje ya mteja, imechoka, inasoma kwa kukohoa, na kwenye Linux ile namba inahesabu thredi zinazofanya kazi au zinazosubiri kori, pamoja na zilizolala usingizi ule usioamshwa zikisubiri diski. Kwenye htop, ndo kama Task Manager ya Linux, zina herufi D. Kila klipu niliyokuwa nainakili imekwama na D yake pale, na kidirisha cha picha ndogondogo nacho kimekwama na D. Mratibu hapo hana kosa hata kidogo, ukimwongezea kori 20 atakuwa na kori 20 zilizolala. Nilichomoa ile hard disk namba ikashuka yenyewe.

Turudi kwa dogo na leptopu yake. Alitaka kujua anunue nini. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alishamaliza hili mwaka 1967: kile kipande cha kazi kisichogawanyika ndo kinakuamulia. Kama nusu ya kurenda kwako ni thredi moja na nusu inagawanyika, kori nne zitakupa mara 1.6 tu ya kori moja, wala sio mara nne, na hata ukiweka kori elfu hufiki mara mbili. Kwa kazi ya namna hiyo nunua kori chache zenye kasi. Kama unatoa fomati ya mwisho kwa programu inayojua kutumia thredi nyingi, na zipo nyingi siku hizi, hapo kori nyingi zinalipa. Mi siwaelewi wauzaji wanaosema "hii ni i7 bro" wakaishia hapo, i7 ni jina tu la familia ya prosesa za Intel, ya mwaka gani, kori ngapi, maana kuna i7 za leptopu zina kori mbili tu, zinaonekana nne kwa sababu kila kori inajifanya mbili. Hiyo ya kujifanya mbili mratibu pia anatakiwa aijue, asiende kubananisha thredi mbili nzito kwenye kori moja halisi huku kori nzima ya pembeni iko wazi.

Na simu ndo usiseme. Simu nyingi sasa zina kori nane hata za bei ya laki mbili na kitu, watu wanalinganisha nane na nane. Kwenye nyingi hizo kori hazilingani. ARM, kampuni inayobuni prosesa za simu, walilitangaza hilo wazo mwaka 2011, kori ndogo zinazokula chaji kidogo na kori kubwa zenye nguvu kwenye kipande kimoja, na hapo kazi ya mratibu ikageuka kabisa maana kwake kori ilikuwa kori. Sasa lazima ajue hii thredi ya WhatsApp inayocheki meseji nyuma ikae kwa wadogo, na hii ya kuskrol unayoiona kwa macho ipande kwa wakubwa. Linux rasmi ilipata mratibu anayehesabu nishati kwenye 5.0, mwaka 2019, japo kwenye simu za Android vitu vya namna hiyo vilishatangulia. Android inafungia programu za nyuma kwenye kori chache, kwa kawaida zile ndogo, ndo maana video unayoitengeneza kwenye simu ukitoka ukaingia kuperuzi inaenda taratibu kuliko ukiiacha mbele ya kioo. Kompyuta za Intel zimeingia mtindo huo kwa wingi 2021, Windows 11 mwaka huo huo, kwa hiyo hata ile hesabu yangu ya 25 kwenye mashine hizi mpya haikai sawa tena, kori moja iliyojaa inaweza kuwa kubwa au ndogo.

Sasa hapa studio mi nafanya nini, maana nina mashine moja inarenda na hiyo hiyo mama anakuja anataka kutoa kopi ya cheti cha mtoto na ana haraka gari inamsubiri. Kurenda nakuanzisha na nice -n 19, amri ya Linux ya kushusha kipaumbele, na 19 ndo chini kabisa. Watu wanaogopa 19 wanadhani itachelewesha video. Haicheleweshi kama hakuna mwingine anayetaka kori, kori ikiwa tupu thredi ya nice 19 inaila yote. Ila ikija thredi ya kawaida kwenye foleni ile ile, uzito wake kwa hesabu ya mratibu ni 1024 na wa yule wa 19 ni 15, kwa hiyo mnene anabaki na asilimia moja na kidogo mpaka cheti kitoke. Mama anaona mashine nyepesi, anasema "asante mwanangu," hajui nyuma kuna harusi nzima inatengenezwa.

Kufungia thredi kwenye kori fulani kwa amri ya taskset nilikuwa napenda, siku hizi natumia mara chache. Ukishamwambia mratibu "hii isitoke hapa" umemfunga mikono, kori ya pembeni ikilala hana ruhusa. Ukitaka kuitumia anza na lscpu -e uone namba zipi ni kori moja halisi, maana kwenye Linux kwa mashine nyingi za kori nne zinazojifanya nane, 0 na 4 ni kori moja, unaweza kudhani umeacha kori wazi kumbe umeacha nusu.

Kwenye Windows ni kule Details ndani ya Task Manager, bonyeza kulia kwenye programu, Set priority, chagua Below normal, inatosha kabisa. Usiweke Realtime hata kama mtu kakwambia inaongeza spidi. Realtime inapita mpaka juu ya kazi za mfumo wenyewe, na programu ya kurenda ikijaza kori zote kwa kipaumbele hicho hata mausi haisogei, na kitufe cha kusitisha unakiona pale kwenye kioo ila hukifikii.